UMEME WA UPEPO: TUUUNGE KWENYE NGUZO AU TUJITEGEMEE?

Somo la leo limetokana na swali la mwanakisomo mmoja.

Tulikuwa katika darasa la jioni, kitongoji kimoja cha Newala, upande wa ukingo. Hapo ukisimama unaliona bonde la mto Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Malipo ya korosho yalikuwa yametoka wiki ile ile. Mzee mmoja akanyosha mkono, akasema:

"Mwalimu, nguzo za TANESCO zimefika ofisi ya kijiji. Kwangu hazijafika. Lakini upepo hapa kwetu ni wa kung'oa bati. Sasa ninunue kinu cha upepo, au ningoje nguzo?"

Swali lilikuwa zuri. Sisi tulilijibu vibaya. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeusifu sana upepo darasani. Tulisema hauna bili, haununuliwi kwa lita, wala hauishi. Yote hayo ni kweli. Basi tukamwambia mzee, nunua tu, upepo si upo? Hatukupima kitu, hatukwenda hata kuiona nyumba yake.

Mzee akanunua kinu kidogo kwa mchuuzi. Kilikuwa kimeandikwa wati 400. Akakifunga juu ya paa la nyumba yake ya udongo, katikati ya mikorosho. Usiku wa kwanza watu wa nyumba hawakulala kwa mtetemo. Wiki ya pili ufa ukaonekana ukutani. Taa ziliwaka siku tatu, kisha zikaanza kufifia, na mwisho mzee akarudi kwenye kibatari. Fedha iliyokwenda humo ilikuwa fedha ya salfa ya msimu uliofuata. Kila mkulima wa korosho anajua maana yake: mikorosho isipopulizwa salfa, ubwiri unga unaingia kwenye maua.

Mzee hakutulaumu kwa maneno. Aliendelea kuja darasani, ila alihama kiti. Alikuwa akikaa mbele, sasa akawa anakaa nyuma, karibu na mlango.

Kwa hiyo somo hili tunaliandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya yeyote ambaye mwaka huu ana fedha kidogo mkononi na anataka mwanga nyumbani.

NJIA NI MBILI

Kinu cha upepo ni kitu rahisi kukieleza. Wengi wetu tumeona pangaboi. Pangaboi hula umeme, likatoa upepo. Kinu cha upepo ni kinyume chake: hula upepo, kikatoa umeme. Mapanga yanazunguka, nayo yanazungusha dainamo, kama ile ya baiskeli, ila kubwa zaidi.

Umeme ukishatoka kwenye dainamo, unaweza kupita njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuuunga na nyaya za TANESCO. Hapo kinu chako kinasaidiana na umeme wa nguzo. Upepo ukiwa mwingi, nyumba inatumia umeme wa kinu, na ule unaobaki unatoka kwenda kwenye nyaya za nje. Upepo ukilala, nyumba inachukua umeme wa nguzo kama kawaida. Betri hazihitajiki. Kinachohitajika ni mashine ya kubadili umeme, ambayo mafundi huiita inverta, pamoja na mita maalumu inayohesabu umeme unaoingia na umeme unaotoka.

Njia ya pili ni kujitegemea. Kinu chako hakijui habari ya nguzo. Umeme unaingia kwenye betri, na taa zinakula kutoka kwenye betri. Upepo ukilala, unakula akiba. Akiba ikiisha, giza.

Wengi wetu husikia njia hizi mbili wakadhani ni jambo la kupenda, kama kuchagua rangi ya kanga. Sivyo. Mara nyingi mahali ulipojenga pameshaamua, na wewe unabaki kukubali au kubisha. Anayebisha hulipa.

JAMBO WASILOLISEMA WACHUUZI

Hebu tuiangalie njia ya kwanza kwa makini, maana hapa watu wengi wanashangaa.

Umeunga kinu chako na nyaya za TANESCO. Usiku umeme wa TANESCO unakatika, na sisi wa kusini hatuna haja ya kufundishwa kukatika kwa umeme. Nje upepo unavuma vizuri kabisa. Je, kwako taa zitawaka?

Hazitawaka. Inverta ya aina hiyo hujizima yenyewe mara umeme wa nguzo unapokatika. Haikuharibika, imetengenezwa hivyo makusudi. Fikiri: fundi wa TANESCO amepanda nguzo kutengeneza waya uliokatika. Anajua kwamba waya umekufa. Kumbe kinu chako kinausukumia umeme kutoka upande wa pili. Fundi huyo atakufa pale juu. Kwa hiyo ni lazima mtambo wako uzime kwanza, uwashwe baadaye.

Maana yake ni kwamba mtu anayetaka kinu ili aepuke kukatika kwa umeme, kisha akakiunga kwenye nguzo bila betri, amenunua kitu kisichojibu shida yake. Atakaa gizani huku anasikia mapanga yanazunguka.

Iko njia ya katikati, ya kuwa na nguzo na betri pamoja. Inafaa, ila ni ghali, na lazima ifungwe na fundi mwenye leseni kwa swichi ya kubadilishia, ili umeme wa betri usiweze kutoka nje. Wapo wanaochomeka jenereta au inverta kwenye soketi ya ukutani umeme ukikatika. Tunawaomba sana waache. Wanamtegea fundi wa watu mtego.

Sasa habari ya kuuza umeme. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni zinazomruhusu mteja wa umeme mwenye mtambo wake wa jua au upepo arudishe umeme wa ziada kwenye nyaya, naye ahesabiwe uniti zake. Kanuni hizo zipo. Lakini mchuuzi akikwambia, "Mzee, funga kinu hiki, TANESCO watakuwa wanakulipa kila mwezi," usitoe fedha papo hapo. Nenda kwanza ofisi ya TANESCO ya wilaya, uulize kama nyumba yako inaweza kufungiwa mita ya namna hiyo, nani ataigharimia, na fundi gani anakubalika. Uulize kabla ya kununua, siyo baada.

HESABU YA NYUMBA MOJA

Chukua kalamu. Nyumba yetu ya mfano ina taa 4, kila moja wati 5, zinazowaka saa 4 kila usiku. 4 mara 5 ni 20, mara 4 ni 80. Redio ya wati 5 inalia saa 6 kwa siku: ni 30. Simu 4 zinachajiwa, kila moja tuihesabu 10: ni 40. Jumla ni 150. Hizi ni wati-saa 150 kwa siku.

Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Kwa mwezi nyumba yetu inatumia 150 mara 30, yaani 4,500. Ni uniti nne na nusu.

Kwa bei iliyopangwa mwaka 2016 kwa mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100. Ukiongeza kodi na tozo inakaribia shilingi 122. Basi uniti nne na nusu ni kama shilingi 550 kwa mwezi. Ndiyo, umesoma sawa. Mia tano hamsini. Wengi wetu mafuta ya taa ya kibatari yalitugharimu zaidi ya hapo kwa wiki moja.

Na kuunganishiwa? Kwa bei ya mwaka 2022 malipo ya kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, kwa nyumba iliyo karibu na nguzo. Kutandaza nyaya ndani ya nyumba ni gharama nyingine, lakini kwa nyumba ndogo kuna kifaa kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari. Ni kiboksi chenye soketi na taa, na kinafaa hata kwa nyumba ya vyumba viwili ambayo haijatandazwa nyaya.

Sasa linganisha na betri. Betri nzuri ya volti 12, yenye ukubwa wa 100, inauzwa laki mbili na zaidi. Ukiitunza vizuri inadumu miaka mitatu, minne, halafu inakufa na unanunua nyingine. Miaka mitatu ni miezi 36. 550 mara 36 ni shilingi 19,800. Betri peke yake, bila kinu, bila mlingoti, inazidi bili ya miaka mitatu zaidi ya mara kumi!

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nguzo iko jirani na nyumba yako, jibu letu ni fupi. Lipa 27,000, vuta waya, fedha nyingine nunulia salfa. Usinunue kinu cha kuunga kwenye nguzo kwa ajili ya kuokoa shilingi 550 kwa mwezi. Anayeweza kukifikiria ni mwenye mashine ya kukoboa, au kiwanda kidogo cha kubangua korosho, anayekula uniti mamia. Na hata huyo apime upepo kwanza.

LAKINI NGUZO HAIKUFIKA

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Kijiji kikitangazwa kuwa kina umeme, haina maana kwamba kila kitongoji kina umeme. Nguzo hufuata barabara, shule, zahanati na ofisi. Wewe umejenga shambani, kwenye mikorosho ya baba yako, mwendo wa nusu saa kutoka ofisi ya kijiji. Shilingi 27,000 haziwezi kukuletea nguzo ishirini.

Mtu wa namna hii anahitaji kujitegemea, walau kwa miaka kadhaa. Kwake swali si nguzo au kinu. Swali ni: upepo wangu unatosha?

Jibu haliwezi kuwa moja kwa Masasi na Newala. Masasi mjini iko chini, magharibi ya uwanda wa juu, katikati ya milima ya mawe. Milima ile ni mizuri kuitazama, lakini huvunja upepo. Upepo ukigonga jiwe kubwa unajizungusha, unakuja huku, mara unakwenda kule. Kinu hakipendi upepo wa kuchezacheza. Kinataka upepo wa kunyooka.

Newala ni tofauti. Mji uko juu, kwenye ukingo. Mtu akisimama pale Shimo la Mungu anasikia upepo unapanda kutoka bondeni. Kusi inapovuma, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hivi, siku nyingi kofia haikai kichwani. Ila ukiingia ndani ya uwanda, kilometa chache tu kutoka ukingoni, kwenye mikorosho minene, upepo ule unapita juu ya miti na chini ni shwari. Na kuna majira ya tanga mbili, kusi imeondoka na kaskazi haijashika. Siku hizo hata moshi wa jikoni unapanda wima.

KWA NINI UPEPO MDOGO HAUFAI KITU

Hii ndiyo hesabu tuliyotakiwa kumpa mzee wetu.

Nguvu ya upepo haiongezeki kama uzito wa gunia. Magunia mawili ni mara mbili ya gunia moja. Upepo sivyo. Upepo ukienda kasi mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nane. Tazama: upepo wa mita 3 kwa sekunde, 3 mara 3 mara 3 ni 27. Upepo wa mita 6 kwa sekunde, 6 mara 6 mara 6 ni 216. Gawa 216 kwa 27. Unapata 8.

Tuchukue kinu chenye mapanga ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Kwa upepo wa mita 3 kitatoa kama wati 10 hivi, na vinu vingi hapo haviwezi hata kuanza kuchaji. Kwa mita 4, kama wati 30. Kwa mita 6, kama wati 100. Kwa mita 8, zaidi ya wati 200. Haya ni makadirio, lakini yanaonyesha jambo.

Na kinu cha mzee kilichoandikwa wati 400? Mapanga yake yalikuwa na urefu wa mita 1 na kidogo kutoka ncha hadi ncha. Hizo wati 400 hupatikana katika upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde. Huo ni upepo wa kuyumbisha matawi makubwa na kufanya nyaya zilie. Chini ya mikorosho yake mzee alikuwa anapata upepo wa mita 3. Yaani wati nne, tano. Hazitoshi taa moja! Yule mchuuzi hakusema uongo, alisoma kilichoandikwa. Sisi ndio tuliotakiwa kumwuliza: wati 400 katika upepo gani?

DAFTARI LA UPEPO

Huhitaji kipimo cha dukani. Macho yako na daftari vinatosha kuanzia. Mabaharia tangu zamani walipima upepo kwa kutazama, wakaupa namba. Nasi tufanye hivyo.

Moshi ukipanda wima, andika 0. Moshi ukielekea upande mmoja lakini majani hayatikisiki, andika 1. Ukiusikia upepo usoni na majani yanachakarika, andika 2. Hapo ni kama mita 2 au 3 kwa sekunde. Majani na vitawi vikicheza bila kupumzika, na kitambaa chepesi kikanyooka, andika 3. Ni mita 3 na nusu mpaka 5. Vumbi na karatasi zikiruka na matawi madogo yakiyumba, andika 4. Ni mita 5 na nusu mpaka karibu 8. Miti midogo yote ikiyumba, andika 5.

Andika mara tatu kwa siku: asubuhi, saa nane mchana, na usiku kabla ya kulala. Andika tarehe, saa na namba. Fanya hivyo mwaka mzima. Tunajua mwaka ni mrefu. Lakini ukipima mwezi wa saba peke yake utadanganyika, maana ni msimu wa kusi. Nyumba inataka taa mwezi wa kumi na moja pia. Mtoto anayeandika vizuri anaweza kupewa kazi hii, na mtu mzima aliyemaliza kisomo ana hapo zoezi la kila siku.

Daftari lako likijaa 0, 1 na 2, acha habari ya kinu. Likiwa na 4 siku nyingi za mwaka, na 3 siku zinazobaki, una upepo. Tuseme kwa siku unapata saa 6 za upepo wa mita 6. Kinu chetu cha mita 2 kitatoa wati 100 mara saa 6, ni wati-saa 600. Betri nayo inapoteza, tuondoe robo, zinabaki 450. Nyumba yetu inakula 150. Umepata mwanga wa siku tatu kwa upepo wa siku moja. Hapo kinu kina maana.

MKOROSHO NA MLINGOTI

Upepo ukiwepo, bado kuna mti. Kanuni ya mafundi ni kwamba mapanga yawe juu ya kila kitu kilicho karibu, yaani ndani ya mita 100, kwa kiasi cha mita 9 au zaidi. Mkorosho mkubwa una kama mita 10. Basi mlingoti wako utakuwa karibu mita 20, wa bomba la chuma, umefungwa kwa nyaya za kuuvuta pande zote. Mara nyingi mlingoti na misingi yake hugharimu kama kinu chenyewe, au zaidi. Hakuna mtu mwenye akili atakayekata mikorosho yake ili apate upepo, na sisi hatusemi hivyo. Tunasema weka gharama ya mlingoti kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Usifunge kinu juu ya paa. Paa huvunja upepo na nyumba hubeba mtetemo. Mlingoti uwe na waya wa kuipeleka radi ardhini, maana juu Newala radi ni jirani yetu. Na betri ikijaa usikate tu waya wa kinu. Kinu kisicho na mzigo huzunguka mno mpaka kinajivunja. Lazima pawepo kifaa kinachoupeleka umeme wa ziada mahali pengine, pamoja na namna ya kukisimamisha kinu wakati wa dhoruba.

Betri ya volti 12 ya ukubwa wa 100 ina wati-saa 1,200. Usile zote. Kula nusu, 600, betri itadumu. 600 gawa kwa 150 ni siku 4. Upepo ukilala zaidi ya siku nne una haki ya kuzima redio. Na usidanganywe na betri ya gari. Ile imetengenezwa kuwasha injini mara moja, siyo kuliwa polepole usiku kucha. Inakufa mapema.

WENGINE WALIFANYAJE

Jirani zetu wa Malawi wana kijana aliyejulikana dunia nzima kwa kinu, William Kamkwamba wa wilaya ya Kasungu. Wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002 aliacha shule kwa kukosa ada. Akawa anakwenda maktaba ya shule, akatazama picha za vinu kwenye vitabu vya Kiingereza ambacho hakukijua vizuri. Akajenga cha kwake kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo, mabomba ya plastiki aliyoyabapa motoni na magogo ya mikaratusi. Kikawasha taa chache na redio, na majirani wakaja kuchaji simu. Angalia vizuri alichokipata: taa chache na redio. Kwa nyumba iliyokuwa gizani ilikuwa neema kubwa. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Kenya wana mfano wa upande wa pili. Loiyangalani, karibu na ziwa Turkana, walisimamisha vinu 365 vikubwa kabisa. Vilikuwa tayari mwaka 2017. Lakini waya wa kuupeleka umeme huo kusini, zaidi ya kilometa 400, ulikuwa haujakamilika. Vinu vikasubiri mpaka mwaka 2018 ndipo vikaungwa. Upepo ule ni mkali kushinda wetu wote, na kwa muda wote ule haukuwasha hata balbu moja Nairobi. Anayeunga hutegemea waya, awe tajiri awe maskini.

Kwetu Tanzania, vipimo vilivyofanywa Singida na Makambako vilionyesha upepo wa wastani wa karibu mita 9 mpaka 10 kwa sekunde. Mwaka 2020 vinu vitatu vikubwa vilianza kazi Mufindi, jumla megawati 2.4, vikisaidiana na mtambo wa maji wa Mwenga unaohudumia vijiji vya huko. Upepo na maji vinapokezana. Hilo ni la kushika: upepo hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa na mwenzake.

Mwenzake kwetu ni jua. Tuseme wazi, kwa nyumba nyingi za shambani, paneli ya sola ni rahisi kuliko kinu. Haina kinachozunguka, haihitaji mlingoti wa mita 20, na fundi wa sola unampata Masasi mjini. Nayo haitaki kivuli cha mkorosho, lakini inatosheka na paa lililo wazi. Tungekuwa sisi ndio wenye fedha ya korosho, na nyumba iko mbali na nguzo, tungeanza na paneli moja na betri moja. Kinu tungekifikiria baada ya daftari la mwaka mmoja, tena ukingoni tu. Na tungekifikiria kwa pamoja, nyumba sita au shule na nyumba za walimu zikichangia mlingoti mmoja, kuliko kila mtu na kakinu kake juu ya paa.

Wako watakaouliza, je, kinu hakiwezi kutuvutia maji? Swali hili kina mama wa Newala hutuuliza kila mara, na wana haki. Vinu vya kuvuta maji vipo, hata Thika nchini Kenya vimekuwa vikitengenezwa. Lakini juu ya uwanda wetu upepo uko juu na maji yako chini mno ardhini. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukiyasukuma kwa mashine kutoka chini. Kisima kifupi cha bondeni, sawa. Juu, hapana.

MASWALI YA KIKUNDI

Mkutanapo, mmoja asome somo hili kwa sauti, kisha mjadiliane. Nyumba yako iko hatua ngapi kutoka nguzo ya mwisho? Zihesabu kwa miguu, usikisie. Nyumba yako inatumia wati-saa ngapi kwa siku? Upepo wa mita 4 ukiwa mita 8, nguvu yake inaongezeka mara ngapi? Mwenye kinu kilichoungwa kwenye nguzo bila betri, umeme wa TANESCO ukikatika atapata nini?

Mzee wetu amekishusha kinu kutoka kwenye paa na kuziba ufa. Ameunga betri yake na paneli ndogo, na taa mbili zinawaka. Kinu amekifunga kwenye gunia, kiko darini. Daftari lake la upepo lilianza tarehe 1 mwezi wa tano. Tulipolitazama mara ya mwisho, Julai ilikuwa imejaa 4, Novemba imejaa 1 na 2. Tukamwuliza ameamuaje. Akasema anasubiri Aprili ipite ndipo mwaka utimie, na akatuomba daftari jingine, maana kurasa zimekwisha.